Majibu ya vinasaba vya baba yametoka mazuri, kemo bado ni lazima?

BintiMkubwa: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Baba (63) alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, hii ni wiki ya sita. Kidonda kimefunga. Majibu ya vinasaba yanasema dMMR, yaani seli za uvimbe zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya vinasaba. Nimesoma kwamba wenye alama hiyo wana matumaini mazuri na kemo haiwasaidii. Tunaweza kuachana nayo? Silali.

MzeeWaZamu: Pole binti. Mimi nilipigwa kemo miezi 6. Dawa yake moja, oksaliplatini, ilinifanya nivae glavu kufungua friji, baridi ilikuwa inachoma vidole. Miaka 4 sasa, vifungo vya shati navifunga kwa kutazama, vidole havisikii. Lakini nipo.

MamaPacha: Mbona hujasema hatua ya ngapi? Alama hiyo haisomwi peke yake. Tezi za limfu zilizopimwa ngapi, zenye saratani ngapi?

BintiMkubwa: Daktari alisema wametoa yote.

MamaPacha: Sijauliza hilo, mdogo wangu.

BintiMkubwa: Tezi 17, zenye saratani 4. Ila nisikilizeni kabla hamjanirukia. Baba amekonda, akipanda ngazi anapumzika katikati. Nimeshamwambia majibu ni mazuri, na kliniki ya Jumatatu nimeiahirisha. Alicheka, mara ya kwanza tangu atoke wodini. Ningemnyang'anyaje kicheko kile?

MwalimuMstaafu: Mtu mzima hafichwi ugonjwa wake. Wanangu wangenifanyia hivyo nisingewasamehe.

MamaPacha: Tezi zikiingiwa, hiyo ni hatua ya tatu. Ulichosoma ni cha hatua ya pili: huko mwenye dMMR ana matumaini mazuri, na dawa ya kemo ya fluorourasili peke yake haimwongezei kitu. Kwa baba, kemo yenye oksaliplatini bado hupendekezwa, na waulize kuhusu dawa za kuamsha kinga. Ikichelewa zaidi ya wiki 8 baada ya upasuaji, faida huanza kupungua. Hesabu mwenyewe zimebaki ngapi.

JichoKali: Mimi nanusa chai. Ripoti inasema protini gani za kusahihisha makosa hayo zimekosekana?

BintiMkubwa: MLH1 na MSH6.

JichoKali: Nilijua. Kwa kawaida MLH1 huondoka na PMS2, MSH2 huondoka na MSH6. Umeokota maneno mtandaoni ukaja kutuliza hapa.

Kibwana: Leteni vikombe 😂

MwalimuMstaafu: Kumbe! Na mimi nimeshapandisha presha bure.

BintiMkubwa: Uvimbe wa baba yangu si chai. Ripoti ninayo mkononi, imekunjwa mara nne, huwa naisoma usiku kwa tochi ya simu asinione. Naandika ilivyo: MSH2 haipo, MSH6 haipo. MLH1 ipo, PMS2 ipo. Nilichanganya herufi.

JichoKali: Samahani dada, nafuta kauli. Sasa hilo ni zito zaidi. MLH1 ikikosekana, mara nyingi jeni limezimika ndani ya uvimbe tu, halikurithiwa. Ikikosekana MSH2 na mwenzake, hushukiwa kwanza sindromu ya Lynch, hitilafu ya jeni inayoongeza hatari ya saratani kama hizi, nayo hurithiwa. Baba apimwe damu. Akikutwa nayo, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2. Kuna ndugu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo au ya kizazi?

BintiMkubwa: Shangazi, dada yake baba. Kizazi, akiwa na miaka 44. Mimi nina 36.

Kibwana: Dada nisamehe kwa utani wangu. Pole sana.

MamaPacha: Basi baba akikutwa nayo, na wewe upimwe, na wadogo zako. Mwenye Lynch huchunguzwa utumbo kwa kamera kila mwaka 1 au 2, vinundu vinatolewa kabla havijageuka saratani. Bila baba kujua ukweli, hiyo damu ataitoa kwa sababu gani?

MzeeWaZamu: Mimi nilipoambiwa nilikasirika siku mbili, sikusema na mtu. Ya tatu nikajipeleka mwenyewe. Rudisha ile kliniki, binti.

BintiMkubwa: Nimepiga simu, wamenipa Alhamisi. Baba yuko sebuleni, nasikia redio yake. Naenda kukaa naye. Ripoti naichukua.