Naomba ushauri: Garamba kwa barabara kupitia Arua, Uganda

Wakuu salaam. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Hifadhi ya Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo (DRC). Majangili walimaliza faru weupe wa kaskazini pale, kisha Juni 2023 wakaletwa 16 wa kusini kutoka Afrika Kusini. Na twiga wake ndio pekee waliobaki Kongo nzima! Ndege ya kukodi hapana, mfuko hauruhusu. Nafikiria kuvukia Arua, niingie Aru upande wa Kongo, Faradje, hadi Nagero kwenye makao makuu. Aliyepita karibuni, usalama ukoje? Rav4 inatoboa au lazima Land Cruiser? Januari nyasi huwa zimeshachomwa? Naambiwa zikisimama zinaficha hata tembo. Dola zilizochanika sibebi, najua Kongo huwa wanazikataa.