Kujichapishia au kumpa msambazaji: hakimiliki inabaki kwa nani?

Wadau, hoja imerudi tena: eti mwandishi au mtengeneza filamu wa leo hamhitaji msambazaji, maana YouTube ipo na WhatsApp iko mfukoni. Nakubali nusu.

Nianze na filamu, maana huko ndiko tulikoungulia. Enzi za DVD, msambazaji wa Kariakoo alikuwa ananunua masta, yaani nakala mama ya filamu pamoja na haki zake, moja kwa moja. Unapeleka kazi, unahesabiwa fedha, unasaini, kwaheri. Tulifurahi, kwa sababu mwenye kamera anadai na waigizaji wanasubiri posho. Yangu niliiuza hivyo hivyo. Leo naikuta YouTube, matangazo yanapita katikati, na mimi hata mia sioni. Nimlaumu nani? Karatasi nilisaini mwenyewe, na ukurasa wa pili sikuufungua.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sisi ulinzi huo wote tunauuza kwa jioni moja.

Ila msinidanganye kwamba kujitegemea ni mteremko. YouTube inakuachia asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu, sawa, lakini kwanza upate wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwenye vitabu ndiyo usiseme. Msomaji wa Mpanda anakutumia 10,000 kwa M-Pesa, wewe unapeleka kifurushi stendi, na nauli ya basi inakula faida. Ukiona bora umuuzie PDF, kesho iko kwenye magrupu matatu, bure, na mtu anakushukuru kwa "elimu nzuri"!

Hapo mchapishaji ana kazi yake. Anajua njia ya kupata ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania ili kitabu kiingie shuleni, ana mhariri, na ana wateja wa jumla mikoani. Huyo mimi nampa kitabu, ila kwa miaka mitano, nakala za karatasi tu. Sauti, filamu na mtandao vinabaki kwangu. Akikataa, tunaagana.

Mnaosema "YouTube tu", tajeni basi mapato yenu ya mwezi mmoja. Na kama yupo aliyewahi kuirudisha kazi yake mikononi baada ya kuuza masta, atueleze alipitia mlango gani.