Naomba ushauri: viumbe wa angani niwaonyeshe au nisiwaonyeshe?

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, natengeneza filamu fupi ya kuchezea akili, bajeti shilingi 60,000 tu. Mvuvi anatoka usiku na ngalawa, anaona mwanga juu ya maji, anarudi akidhani ni alfajiri ile ile. Kumbe siku tatu zimepita, watu washamlilia. Mkewe asema ni jinamizi. Yeye ana hakika alichukuliwa na viumbe wa angani.

Nimeiweka Ngomeni makusudi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa pale baharini, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, kwa hiyo moto kupanda angani si hadithi ngeni kwa wazee wetu.

Mwanga nimeupata: karabai nyuma ya shuka nyeupe iliyoloa. Upepo ukivuma, shuka inapumua kama kifua cha mtu. Nilipouona kwenye kamera nywele zilinisimama.

Shida ni viumbe. Nilishona vinyago vya sponji, vikatoka vya kitoto, nimevitupa. Je, nitumie sauti peke yake, au mtazamaji atahisi nimemdhulumu? Na mke amwamini mumewe mwishoni, au abaki na shaka? Aliyewahi kurekodi usiku baharini pia anisaidie. Kamera ni ya kuazima, na maji ya chumvi yananitia hofu.