Amefutia kiti gazeti la marehemu mama yangu!

Wanajukwaa wenzangu, naandika mkono ukitetemeka, maana jambo lenyewe halijatimiza saa moja. Bwana yule mnamfahamu, sina haja ya kumtaja: ni yule wa benchi la kahawa, mwenye gazeti la Kiingereza analolitandaza kama shuka la sita kwa sita. Jioni hii amechukua gazeti la Uwazi la marehemu mama yangu, nililolitoa sandukuni ili nimwonyeshe kijana mmoja hadithi ya zamani, akalikunja mara nne na kufutia kiti kilichomwagikiwa kahawa. Kisha akalikalia! Akasema kwamba hilo ni gazeti la mahausigeli na makonda, tena halina historia.

Halina historia? Kulikuwa na wakati ambapo wiki nzima ya mama yangu ilipangwa na magazeti ya udaku ya kampuni ya Global Publishers: Jumatatu Ijumaa Wikienda, Jumanne Uwazi, Jumatano Risasi, Alhamisi Amani, Ijumaa lenyewe Ijumaa, na Jumamosi Risasi tena. Mama alikuwa fundi cherehani, na hadithi za Eric Shigongo zilipokatishwa pale pale mtu alipowekewa bastola kichwani, pakaandikwa "Itaendelea", mguu wake uliganda juu ya pedali na nguo za wateja zikalala. Nakala moja ilisomwa kwa sauti barazani, ikazunguka vyumba sita, ikaenda kwa mlinzi, na mwisho ikafungia vitumbua, na hata mla vitumbua alisoma kipande chake. Mahausigeli na makonda walisoma, ndiyo, na wengine walizoea kusoma kwa magazeti hayo hayo. Naye amefutia kiti!

Kalamu Kavu: Pole, mkuu. Hata hivyo, gazeti ambalo wewe mwenyewe unakiri kwamba lilifungia vitumbua linadai heshima gani mbele ya kiti?

Mwanzisha uzi: Kitumbua kilifungwa baada ya watu wote kusoma. Huyu hakusoma hata mstari mmoja, alifuta na kukalia.

Mwisho wa Reli: Bwana huyo namjua, na nimewahi kumkuta akisoma Ijumaa ndani ya hilo shuka lake la Kiingereza. Kiti ni kisingizio tu.

Meza ya Kona: Mimi nauza magazeti, na kilio changu ni kikubwa kuliko cha kiti. Watu ishirini husimama mezani kwangu asubuhi, wanasoma vichwa vyote vya habari vyenye wino mwekundu, wanabishana hadi mate yanaruka juu ya bidhaa, kisha wanaondoka bila kununua hata nakala moja.

Chumba cha Nne: Afadhali hao. Katika nyumba yetu mpangaji mmoja alikuwa akichana ukurasa wa hadithi kabla ya kulipitisha gazeti, na hadi leo sijui kama yule binti alipigwa risasi.

Kalamu Kavu: Mnazungumzia hadithi, wakati sisi tulilelewa na Sani, lile jarida la katuni. Wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe na Madenge, tuliwajua kuliko wajomba zetu, na kaka yangu aliyaazimisha majarida yangu yote bila kuniuliza.

Mwisho wa Reli: Madenge! Kuna mwenye nakala hata moja, iwe imechanika, aniuzie?