Yule jamaa wa koti aninyooshee kidole MIMI?

Mshinda_Maktaba (Tabora):
Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Mnamjua. Nani hapa mwaka wa pili hamjui yule wa koti la bluu, hata jua la Novemba likipasua vichwa? Leo mbele ya mhadhiri na darasa zima kaninyooshea kidole: "Swali hilo ajibu dada, ndiye aliyetuchelewesha."

NIMEWACHELEWESHA!

Kundi la watu kumi, kazi tumefanya mimi na binti mmoja wa Kasulu. Mchango wa huyo wa koti kwenye grupu ni "tuko pamoja" basi. Muhula wenyewe huu mnauona: testi juu ya testi, asaimenti kila somo, bumu, hela yetu ya mkopo, halijasoma. Jioni niko kibandani kwa shangazi pale Isevya natolea watu pesa za simu, daftari chini ya kaunta, mteja akija nasahau nilipofika. Umeme ukakatika niko kwenye hitimisho, nikamalizia kwenye simu yenye chaji ya kuombea dua. Asubuhi foleni steshenari, kuprinti na kubaindi kwa hela yangu ya kula. Yeye anaingia kachana nywele, anauliza: "Jina langu mmeliweka la ngapi?"

La ngapi!

Halafu kidole. Kidole kirefu kama reli ya kwenda Kigoma! Mhadhiri akanigeukia: "Kumbe tatizo ni wewe?" Kosiweki, yaani kazi na testi za muhula, ni alama 40 kati ya 100, wakuu, na mzembe nimeonekana mimi niliyekesha. Sitaki ushauri. Nataka kujua kidole kile alikitoa wapi.

Kijana_wa_Kanyenye:
Hahaha! Huyo alikuwa kwetu muhula uliopita. Tulimwachia kava tu, akaleta halina jina la somo. Kapata B+, mimi C.

Mzee_wa_Sapu:
Dada, jina lake uliliandika la nini? Unalialia hapa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inabisha hodi.

Mshinda_Maktaba:
CR, kiongozi wa darasa, alisema majina yote kumi yawepo! Usinichanganye. KIDOLE, mkuu, mbele za watu!

Binti_Mwanga:
Afadhali yako umenyooshewa kidole siku ya kazi. Sisi testi imehamishiwa Jumamosi, tangazo limetumwa saa tano usiku. Wasabato tuseme nini?

Chumba_cha_Mwisho:
Testi itapita. Mimi namtaka aliyechukua dagaa wangu. Mama kanitumia kwa basi kutoka Ujiji, nimewaacha dirishani, narudi kipindini nakuta mfuko mtupu.

Mzee_wa_Sapu:
Dagaa wa Kigoma unawaacha dirishani hosteli? Hao umewagawa mwenyewe.

Kijana_wa_Kanyenye:
Walianikwa mchangani au kwenye chanja? Wa mchangani hata mwizi angerudisha.

Chumba_cha_Mwisho:
Chanja, mkuu! Hawana hata chembe ya mchanga. Na nusu nilikuwa nimeshaahidi kuuza nilipie hosteli.

Mshinda_Maktaba:
Jamani, KIDOLE!

Binti_Mwanga:
Hao wa chanja mama anauzaje kilo?