Kozi ya fizikia ya kujisomea: video, simulesheni na kwizi zipangweje ili wanafunzi wasikwame?

Mizani aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naandaa kozi ya fizikia ya sekondari ya juu, ambayo mwanafunzi anaisoma peke yake kwa kasi yake mwenyewe. Ipo kwenye Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni), mada kumi. Kila mada ina video moja ya dakika 35 hadi 40, PDF ya maelezo, simulesheni moja, na kwizi ya kweli/si kweli yenye maswali matano. Anayepata 4 anafunguliwa mada inayofuata, na anaruhusiwa kujaribu mara tatu. Wengi wanasoma kwa simu.

Yanayosumbua: kwizi wanapita, lakini mtihani wa pamoja wanaanguka. Video zinaachwa njiani. Masomo yaliyofungwa kama vifurushi vya SCORM (muundo wa kufungasha masomo ya kompyuta) yanasahau mwanafunzi aliishia wapi. Na sijui kazi za vitendo ziwekweje wakati hakuna maabara. Nianze kurekebisha wapi?

Darubini:

Anza na kwizi, maana ndiyo inayokudanganya. Kwa kweli/si kweli maswali matano, kupita ni 4, anayebahatisha bila kusoma ana nafasi 6 kati ya 32, takriban 19%. Mpe majaribio matatu, nafasi hiyo inafika 46%. Karibu nusu ya wasiojua chochote wanaingia mada ya pili! Badili yawe maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, mengine yote yabaki yalivyo, na nafasi ya kubahatisha inashuka hadi 1.6% kwa jaribio moja, chini ya 5% kwa matatu.

Bado kuna tundu la pili. Kama majibu sahihi yanaonyeshwa baada ya jaribio la kwanza na maswali ni yaleyale, jaribio la pili linapima kukariri tu. Tengeneza benki: kwa kila lengo la somo angalau maswali manne yenye ugumu unaolingana, kwizi ichote mawili kwa nasibu. Ya hesabu yaandike kama maswali ya kukokotoa, ambapo unaweka fomula mara moja na Moodle inabadilisha namba kwa kila mwanafunzi. Mipaka ya namba ichunge mwenyewe, la sivyo utakuta baiskeli yenye mchapuko wa mita 400 kwa sekunde mraba.

Kisha weka majibu *yenye makosa* unayoyatarajia. Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote na ndiyo wengi wanaiacha. Mfano: pendulamu ya uzi wa sm 25, mbembeo mmoja (kwenda na kurudi) unachukua muda gani? Jibu ni sekunde 1.00. Asiyegeuza sentimita kuwa mita anapata 10.0. Aliyesahau kipeuo cha pili anapata 0.16. Yaingize yote mawili kwenye swali kwa alama sifuri, kila moja na ujumbe wake: "Urefu umeuweka kwa kipimo gani?" na "Angalia tena fomula, kuna kitu kimekosekana juu ya L/g." Mwanafunzi aliye peke yake hana wa kumuuliza, na "si sahihi, jaribu tena" haimsaidii kitu. Kwa jibu sahihi ruhusu tofauti ya 2%, ili aliyetumia g (mchapuko wa graviti) = 10 na aliyetumia 9.81 wote wapite.

Video: kuna uchambuzi wa mwaka 2014 wa video za edX (jukwaa la kozi za mtandaoni), vipindi milioni 6.9 vya kutazama, ulioonyesha kuwa muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6 hata video iwe ndefu kiasi gani. Wale walikuwa wanafunzi wa kozi za mtandaoni, si darasa la sekondari, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Usikate tu video ya dakika 40 kila baada ya dakika sita, maana utakatia katikati ya wazo. Igawe kwa maswali: "Kwa nini kani ya msuguano haitegemei eneo la mgusano?" ni video moja, inajibu hilo, inaisha. Baada yake mazoezi mawili ya haraka, ndipo inayofuata.

Na maneno unayoyasema usiyaandike yote kwenye skrini. Richard Mayer na wenzake wamelipima hili mara nyingi: mchoro pamoja na sauti hueleweka vizuri kuliko mchoro, sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja, kwa sababu jicho linahangaika kusoma badala ya kufuata mchoro. Skrini ibaki na mchoro, alama za fomula na maneno machache ya kuelekeza.

Kipimajoto:

Upande wa mitambo.

SCORM kusahau: karibu kila mara ni ukomo wa herufi. SCORM 1.2 inahifadhi hali ya mwanafunzi ndani ya nafasi ya herufi 4,096 tu. Kifurushi chenye slaidi 80 na maswali ndani yake kinaijaza, kinachozidi hakihifadhiwi, na mwanafunzi akirudi anaanza mwanzo. Usikimbilie SCORM 2004 yenye nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa Moodle inaisapoti rasmi 1.2 tu. Dawa ni kugawa: somo moja, kifurushi kimoja, na maswali yanayotoa alama yakae kwenye kwizi ya Moodle yenyewe. Angalia pia kama wanafunzi wanafunga kichupo cha kivinjari kabla ya kubofya kitufe cha kutoka, maana baadhi ya vifurushi hutuma taarifa pale tu.

Video kwa simu, ibane hivi kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -i somo.mov -vf scale=-2:480 -r 15 -c:v libx264 -crf 27 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -ac 1 -b:a 64k -movflags +faststart somo.mp4`

Fremu 15 kwa sekunde zinatosha kwa slaidi na kalamu; kwa video ya jaribio lenye mwendo rudisha 30. `yuv420p` isikosekane: rekodi za skrini mara nyingine hutoka na mfumo mwingine wa rangi, kwenye kompyuta zinacheza vizuri, kwenye simu zinakuwa nyeusi. `faststart` inahamisha faharasa ya faili mwanzoni, ili video ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. Kuhusu ukubwa: dakika 6 kwa jumla ya kilobiti 500 kwa sekunde ni MB 22.5, na slaidi tulivu huwa chini ya hapo. Herufi zisipungue sehemu ya ishirini ya urefu wa fremu, na vipeo na namba za chini ya herufi uvikague kwenye simu yenyewe. Hapo ndipo v₁ na v₂ zinapogeuka kuwa kitu kimoja.

Manukuu yaandae kama faili la VTT (faili la maandishi ya manukuu) pembeni, usiyachome ndani ya picha. Anayeyahitaji atayawasha, na ukikosea neno hutarekodi upya.

Kuna mtego kwenye kusoma bila intaneti. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kwizi ifanyike nje ya mtandao, lakini tu kama haina kikomo cha muda na kama matokeo ya majibu yanaonyeshwa mwishoni. Ukiweka ujumbe wa papo kwa papo kama anavyoshauri Darubini, kwizi hiyo haipakuliki. Njia ya kati: mazoezi ya papo kwa papo yawe ya H5P (zana ya kutengenezea mazoezi shirikishi), ambayo yanapakuliwa, na kwizi ya mwisho wa mada iwe ya majibu mwishoni. Ujumbe wa kila kosa utaonekana tu, ila baada ya kuwasilisha.

Nyuzi45:

Nakubaliana na hayo yote isipokuwa kufunga mada kwa mstari mmoja. Chora kwanza ramani ya nini kinategemea nini. Nishati inahitaji kani, sawa, funga. Lakini kuakisika kwa mwanga hakuhitaji sheria ya Ohm hata kidogo, na aliyekwama kwenye saketi hana sababu ya kukaa nje ya mlango wa mwanga.

Na anayeshindwa mara tatu apelekwe wapi? Kwa mpangilio wako wa sasa amefungiwa nje ya kozi nzima. Moodle inakuruhusu kufungua ukurasa kwa masharti ya alama: aliye chini ya 80% afunguliwe somo la marudio lenye mifano miwili iliyofanyiwa kazi hatua kwa hatua, kisha kwizi ya pili kutoka benki ileile. Somo la marudio lieleze kwa njia nyingine. Kumrudisha kwenye video ileile ni kumpigia kelele zaidi.

Kuhusu kasi: mfumo wa kufundishia wa mwanasaikolojia Fred Keller wa mwaka 1968 ulikuwa na muundo huuhuu, vipande vidogo, kuumudu kimoja kabla ya kingine, kila mtu kwa kasi yake, na tatizo lake lililojulikana zaidi lilikuwa kuahirisha. Weka tarehe za kupendekeza kwa kila mada bila adhabu, tarehe moja ya mwisho isiyosogezwa, na utaratibu wa kumtafuta mwanafunzi ambaye siku saba zimepita bila kukamilisha chochote. Ukingoja mwezi, umechelewa.

Simulesheni hujaielezea, lakini kama umeweka kiungo tu, watasogeza vitelezi dakika mbili na kuondoka. Wape jedwali la kujaza. Kwa saketi ya PhET (mkusanyiko wa simulesheni za sayansi): mkinzano Ω 10, volti 2, 4, 6, 8, atabiri mkondo kwanza na kuuandika, ndipo asome kwenye ammita. Kutabiri kabla ya kuona ndiko kunakofundisha. Nyingi zilizopo sasa ni HTML5, unaweza kupakua faili moja likafanya kazi bila mtandao.

Mizani:

Asanteni sana. Ya benki naanza leo. Bado vitendo: nilifikiria simulesheni zichukue nafasi yake kabisa.

Timazi:

Zisichukue. Simulesheni haina makosa ya kipimo, na kushughulika na makosa ya kipimo ni nusu ya somo la vitendo. Pendulamu inatosha kuanzia: uzi, kitu kidogo kizito, rula, saa ya simu. Urefu wa m 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, kutoka sehemu ya kuning'inizia hadi *katikati* ya uzito. Pembe isizidi nyuzi 10. Apime mibembeo 20, mara tatu kwa kila urefu. Sababu ya 20 ieleze wazi: kuchelewa kwa kidole kwa sekunde 0.2 ni 20% ya mbembeo wa sekunde moja, lakini ni 1% ya mibembeo 20.

Unachotarajia ni takriban sekunde 20.1, 28.4, 34.7 na 40.1. Agawanye kwa 20 apate T, muda wa mbembeo mmoja, kisha achore T² dhidi ya urefu L, mteremko uwe karibu na 4.02, na g ni 4π² gawanya kwa mteremko.

Makosa mawili yanajirudia. Akiwasha saa huku akisema "moja" badala ya "sifuri", amepima mibembeo 19 na kugawanya kwa 20, hivyo g inatoka karibu 10.9. Weka ujumbe maalumu kwa majibu ya 10.7 hadi 11.0. La pili ni kupima urefu hadi juu ya uzito: kwa nukta moja g inapungua, ila kwenye grafu mteremko haubadiliki, mstari tu haupiti kwenye sifuri. Liulize kama swali, ni zuri sana.

Awasilishe picha ya jedwali lililoandikwa kwa mkono na picha ya kifaa chake kikiwa na rula pembeni. Vipimo vitatu vinavyolingana hadi mia ya sekunde kwa kila urefu vimepikwa, mkono wa mtu haufanyi hivyo.

Wenye simu zinazofaa wanaweza kuongeza programu ya phyphox, inayosoma vihisi vya simu. Iwe ya hiari, kwa kuwa kihisi cha mchapuko kipo karibu kwenye kila simu janja lakini vya mzunguko na vya usumaku havipo kwenye zote.