Lua ichague laibrari moja ya madirisha au kila mtu abaki na yake? Tujadili

Mleta mada: Wakuu salaam. Naomba hili tulijadili kwa hoja maana limenikaa kichwani muda mrefu. Lua ilizaliwa 1993 pale chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, ni lugha ndogo ya kuandikia programu na udogo ndio uzuri wake, unaichomeka popote, kwenye magemu, hata Lightroom ya Adobe sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Lua. Ila siku ukitaka kumtengenezea mtu wa kawaida programu yenye dirisha na vitufe ndo unagundua ndani yake hamna kitu, kuna hesabu, maneno, mafaili, basi. Ukiuliza utumie laibrari gani, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kutengeneza madirisha na vitufe, huyu anasema IUP, yule wxLua, mwingine GTK, mwingine anakwambia chora mwenyewe kwa LÖVE, ile ya kutengenezea magemu. Mgeni anachoka kabla hajaanza, anahamia Python ambako laibrari ya madirisha, Tkinter, anaikuta humo humo.

Mimi nasema tukubaliane moja iwe ya kuanzia, na naipigia kura IUP. Kuna jamaa ana duka la vipuri nilimtengenezea programu ya stoo, kompyuta yake Windows 7 yenye RAM GB 2. Kitufe nilikiandika "Futa", akasema hapana, weka "Ondoa kwenye orodha" vijana wangu waelewe. Nikabadilisha maneno tu, kitufe kikajitanua, vya pembeni vikasogea, sikugusa kipimo hata kimoja, kwa sababu IUP unaiambia tu hivi vikae safu moja, hivi vipangwe juu na chini, vipimo inapiga yenyewe. Leseni ni MIT kama Lua, na imetoka chuo kile kile, kwenye maabara ya Tecgraf.

Mchangiaji wa 1: Mkuu hoja nzuri ila umeruka Mac. Huko ndiko IUP imekuwa dhaifu siku zote, na mteja wako kesho akinunua Mac utamwambia nini? wxLua imekaa juu ya wxWidgets, laibrari iliyoanza 1992, na kwenye Mac inatumia vitufe vya Mac vyenyewe. Kama unataka ushahidi fungua ZeroBrane Studio, ile IDE (programu ya kuandikia msimbo) nzima imeandikwa kwa Lua na wxLua. Nakubali ni nzito kuliko IUP, lakini nzito inayofanya kazi kote naichukua.

Mchangiaji wa 2: Kwa nini tugombane? Tuandike tabaka moja juu ya zote, mimi naandika "kitufe" mara moja, chini yake kila mtu anachomeka anayoipenda, IUP, wx, GTK, vyovyote. Hapo hakuna wa kulalamika.

Mleta mada: Ndugu yangu hapo sikubaliani kabisa. Java walipita njia hiyo na AWT, laibrari yao ya kwanza ya madirisha, wakiwa na pesa na watu, wakabaki na vile tu vinavyopatikana kwenye kila mfumo, hakuna jedwali, hakuna mti wa mafolda, ikabidi waje na Swing inayojichorea kila kitu yenyewe, na bado IBM wakaenda kuandika SWT yao. Wa lugha ya Haskell nao mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitaka API moja ya pamoja, yaani amri zile zile juu ya laibrari zote, makubaliano yakawashinda, kilichosimama ni pale Daan Leijen alipochukua wxWidgets kama ilivyo akaiunganisha na Haskell, 2004 wxHaskell ikawa inatumika. Sasa sisi wachache hivi tutunze tabaka pamoja na laibrari nne chini yake? Kila moja ikibadilika sisi tunavunjika.

Mchangiaji wa 3: Nimewasoma wote, mnabishania jina tu wakati watu wanakwama kwenye kuinstoli. Matoleo ya Lua ni mengi, 5.1 ni ya 2006, 5.2 ya 2011, 5.3 ya 2015, 5.4 ya 2020, na moduli ya C (kipande cha kuongezea kama IUP) iliyojengwa kwa toleo moja haiingii kwenye jingine, halafu wa LuaJIT, ile Lua ya kasi, wako kwenye 5.1 mpaka leo. Mimi nilipoteza siku mbili nzima, Windows inaniambia moduli haipatikani na faili naliona kwa macho liko pale. Kumbe moduli ilijengwa ikitafuta lua5.1.dll na kwangu kuna lua51.dll. Nukta moja! Leteni IUP, leteni wx, kama sipati zip moja ninayofungua na dirisha likatokea, mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hamtamwona tena.

Mleta mada: Hii ya nukta imenigusa, mimi pia ilishanipata. Sawa, suala la Mac nalikubali kwa mchangiaji wa 1, anayehitaji Mac aende wxLua moja kwa moja. Lakini kwa Windows na Linux bado nasimama na IUP, na kazi ya kwanza iwe hiyo zip: Lua 5.4, IUP, na mfano mmoja wa fomu yenye jedwali, biti 32 na biti 64. Ya 64 naianza mimi wikiendi hii. Ya 32 nani ana mashine ya kuijaribia?

Mchangiaji wa 3: Ninayo, nitumie.